Ashia: siku kumi zangu Kamerun

Alhamisi 2 Novemba 2023, Douala

Nimetua Douala nikitokea Addis, mlango wa ndege kufunguliwa tu joto likanivaa kama la Dar mwezi wa pili, nikajisemea aah hapa nimefika nyumbani. Kumbe wapi.

Kitu cha kwanza nikatafuta laini ya simu. Kijiduka kiko pembeni ya barabara, ukutani kuna tangazo lenye lugha mbili, Kifaransa kwa herufi kubwa halafu chini yake Kiingereza kwa viherufi kama vya maelezo ya dawa. Nikamsalimia dada kwa Kiingereza maana najua hii nchi lugha rasmi ni hizo mbili na kwenye katiba zina hadhi sawa kabisa. Akanijibu Kifaransa. Nikarudia taratibu, akarudia Kifaransa kile kile ila sasa kwa sauti kubwa, kama vile shida yangu ni masikio. Fomu ya usajili nayo Kifaransa tupu. Nyuma yangu kuna jamaa na begi la mgongoni akaniuliza kwa pijini (Kiingereza chao cha mitaani kilichochanganywa) kama mimi ni Anglo, yaani mtu wa upande wa Kiingereza, nikamwambia mimi Mtanzania, akacheka akachukua kalamu akanijazia fomu yote, jina la baba, jina la mama, kila kitu. Alipomaliza akanipiga begani akasema "Ashia" akaondoka zake.

Ashia, nimekuja kuelewa baadaye, ni pole yetu. Ile ile. Umefiwa ashia, unafanya kazi ngumu ashia, umebeba mzigo ashia, unatoka safari ashia. Na wanaitumia wote, wa Kifaransa na wa Kiingereza. Hilo neno nimelibeba safari nzima.

Nimelala mapema, kuna mbu kama Mbagala.

Ijumaa 3 Novemba, Douala mpaka Buea

Niseme kabisa nimekuja kufanya nini. Kuna jamaa wa Buea tumefanya naye kazi mtandaoni miaka mitatu, yeye anaandika programu mimi nafanya upande wa majaribio, hatujawahi kuonana, kila mwaka ananiambia njoo uone mlima. Mlima wenyewe ni Mlima Kamerun, zaidi ya mita 4,000, volkano hai. Nikachukua likizo nikaja.

Asubuhi nimepanda pikipiki (hapa bodaboda wanaiita benskin) nikavuka mto Wouri hadi Bonabéri, huko ndiko magari ya upande wa Kiingereza yanapaki. Na pale pale ukivuka daraja unaona watu wanabadilika midomo, konda anaita abiria kwa pijini, mama anayeuza maandazi pijini, hata matusi pijini. Nikapata siti dirishani, pembeni yangu akakaa mzee mmoja mwalimu mstaafu, kofia ya kufuma, mkoba wa ngozi umechakaa kwenye pembe. Aliposikia natoka Tanzania akafurahi mno, akaanza "Nyerere! Nyerere!" halafu akaniuliza swali ambalo nimeulizwa kila siku tangu hapo: ninyi mna Kiswahili, si ndio? Nikasema ndio mzee wangu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jirani kapata mtoto.

Saa moja na nusu hivi tukafika mto Mungo. Daraja la kawaida tu, ukisinzia unalipita (la zamani lilianguka 2004 baada ya lori la mafuta kuwaka moto). Ila mzee alinigusa goti akasema, mwanangu, huu mto ulikuwa mpaka wa nchi mbili. Mjerumani aliposhindwa Vita vya Kwanza, Mfaransa akachukua kipande kikubwa na Mwingereza akachukua ukanda mwembamba wa huku magharibi unaopakana na Nigeria. Sisi si tunajua, na sisi tulikuwa wa Mjerumani, tukagawiwa vile vile, Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Tofauti ni kwamba sisi na Burundi hakuna aliyetuambia baadaye turudiane.

Hapo akaanza kunihesabia kwa vidole, na mzee wa chaki akianza kuhesabu hasimami. 1960 Januari upande wa Mfaransa wanapata uhuru wanajiita Jamhuri ya Kamerun. 1961 Februari tarehe 11 upande wa Mwingereza wanapigishwa kura: mnataka kuungana na Nigeria au na Kamerun? Basi. Hakuna sanduku la tatu la kusema tunataka kuwa wenyewe. Kaskazini wakaenda Nigeria, kusini kura 233,571 zikasema Kamerun na 97,741 zikasema Nigeria. Baba yake alipiga kura ya Kamerun, alikuwa anawaogopa Waigbo wa Nigeria kuliko alivyomwogopa Mfaransa, ndivyo alivyosema. Oktoba mosi 1961 wakaungana kwa shirikisho la nchi mbili, bendera ikawekwa nyota mbili. 1972 tarehe 20 Mei kura nyingine, shirikisho limefutwa. 1975 nyota ikabaki moja. 1984 hata neno Muungano wakalitoa kwenye jina, nchi ikarudi kuitwa Jamhuri ya Kamerun.

Kidole cha mwisho akakishikilia. Akaniuliza, jina hilo lilikuwa la nani 1960?

Nikabaki kimya. Nilikuwa nawaza hizi kero zetu za Muungano, zile za mafuta na gawio na sijui nini ambazo kila bajeti zinarudi. Sasa vuta picha umeamka asubuhi unasikia redioni nchi inaitwa Tanganyika, imeisha hiyo, Zanzibar ni mikoa kama Lindi. Mpemba gani angelala siku hiyo?

Baada ya Mungo vizuizi vikaanza. Tumeshuka mara tatu, mikono juu na kitambulisho, unatembea kwa miguu mita kama hamsini mbele ya wanajeshi gari linakusubiri upande wa pili. Pasi yangu iligeuzwa geuzwa, askari kijana kabisa akaniuliza kwa Kifaransa kitu sikuelewa, mzee akanijibia. Kifaransa chake kizuri sana. Tulivyorudi kwenye siti nikamwambia mwalimu kumbe unakijua, akasema ndiyo, sisi tunakijua chao, waulize wao kama wanakijua chetu.

Tiko yote ni migomba na miti ya mpira, mistari imenyooka kama daftari, mashamba aliyoanzisha Mjerumani kwa kupora ardhi ya wenyeji na sasa yako chini ya shirika la serikali. Halafu gari likaanza kupanda, ubaridi ukaingia, ukungu, nikafunga dirisha. Buea ni kama Lushoto iliyochangamka.

Jumamosi 4 Novemba, Buea

Mwenyeji wangu mrefu kuliko alivyo kwenye video. Mke wake kanipikia eru, aisee. Majani yamekatwa membamba kama uzi, yamepikwa na mawese mengi, vipande vya ngozi ya ng'ombe na kamba wakavu, unakula na fufu ya muhogo uliovundikwa kwa mkono. Mlenda wetu na kisamvu vikioana mtoto wao ni huyu. Nimekula hadi shemeji akawa anacheka.

Tumezunguka mji. Kule juu kuna jumba la gavana wa Kijerumani, Puttkamer, aliyehamishia makao makuu Buea 1901 kukimbia joto la Douala. Picha hairuhusiwi kuna wanajeshi. Kitu kilichonishtua mimi ni jina la Gravenreuth, ofisa wa jeshi la Mjerumani. Huyu mtu namjua! Alikuwa huku kwetu na Wissmann kwenye vita vya Abushiri, kawaua watu pwani yetu, halafu akapelekwa Kamerun, akaja kuwavamia Wabakweri wa chifu Kuva Likenye hapa hapa Buea Novemba 1891, wakamuua. Mwaka ule ule, Agosti, Mkwawa alikuwa kammaliza Zelewski Lugalo. Nilipomsimulia mwenyeji wangu alisimama katikati ya barabara. Hakuwahi kusikia habari ya Mkwawa, na mimi sikuwahi kusikia habari ya Kuva. Tumesoma wote historia ya mkoloni wa mwisho tu.

Jioni akanionyesha meza yake ya kazi na kunipa stori ya 2017. Buea ina vijana wengi wa kompyuta, wenyewe wanaiita Mlima wa Silikoni. Mwaka 2016 mwishoni mawakili waligoma, walimu wakagoma, Bamenda, mji mkubwa wa Kaskazini-Magharibi, watu wakaandamana, na 17 Januari 2017 serikali ikakata intaneti mikoa miwili tu, Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi, hii ya wanaoongea Kiingereza. Mikoa mingine minane inaperuzi kama kawaida. Siku 93. Yeye alikuwa na kazi ya mteja wa nje, akawa anaamka saa kumi usiku anapanda gari hadi kijiji cha Bonako mpakani mwa mkoa wa Littoral, huko mtandao unashika. Walikodi chumba, wakaweka jenereta na modemu, watu kumi na kitu wamebanana na laptopu kwenye mapaja, wakaita kambi ya wakimbizi wa intaneti. Ukimaliza kutuma kazi unarudi mlimani gizani. Ananihadithia huku anacheka ila mke wake hacheki, yeye alikuwa na mimba wakati huo na simu ya kawaida ilikuwa ya kubahatisha.

Nikamuuliza Kiingereza chenyewe ndo mnakipenda hivyo? Maana nimekaa hapa siku mbili, nyumbani mnaongea pijini, sokoni pijini, na chuo kikuu hapo Molyko kiliwahi kuweka mabango kuwaambia wanafunzi waache pijini kwa sababu inaharibu Kiingereza. Akawaza kidogo. Akasema, bro, hakuna mtu anayependa Kiingereza. Kiingereza ni kama namba ya kiti. Mtu amekaa kwenye kiti chako, unamuonyesha tiketi.

Jumapili 5 Novemba, Limbe

Kanisani saa mbili, nyimbo za pijini tamu, halafu tukashuka Limbe. Zamani Victoria, aliianzisha mmisionari Alfred Saker 1858, jina likabadilishwa 1982. Mchanga mweusi wa volkano, samaki wa kuchoma na miondo (muhogo umefungwa kwenye majani mwembamba kama mshumaa). Nimeuona uwanja ambao Taifa Stars walicheza CHAN ya Januari 2021, Zambia wakatutandika 2-0 halafu tukaifunga Namibia 1-0. Muuza samaki anakumbuka jezi zetu. Pwani unaona kiwanda cha kusafisha mafuta, kiliungua vibaya Mei 2019, na hapo ndipo utasikia wimbo mwingine: mafuta yanatoka kwetu lami iko kwao.

Ila kilichonichekesha na kunifikirisha ni ugomvi wa meza ya pembeni. Wote wawili Anglofoni. Mmoja mwenyeji wa pwani, mwingine asili yake Bamenda nyanda za juu ila kazaliwa Limbe. Bia ya tatu ikaleta maneno, yule wa pwani akamuita mwenzie "came-no-go", yaani aliyekuja hataki kuondoka, ndo jina hilo hilo wanalouita upele sugu. Watu wa Kusini-Magharibi wanalalamika wenzao wa Kaskazini-Magharibi walijazana tangu enzi za mashamba ya Mjerumani, wamechukua ardhi na biashara, na sasa wamewaletea vita. Kwa hiyo ndani ya wachache kuna wachache. Nikamuangalia mwenyeji wangu, akanikonyeza nimalizie samaki.

Jumatatu 6 Novemba, Buea

Leo nimeandika zaidi maana sijatoka ndani.

Kila Jumatatu tangu 2017 upande huu ni mji mfu. Wapiganaji wanaotaka kujitenga, wanaoiita nchi yao Ambazonia, wanalazimisha Jumatatu hakuna kazi, hakuna shule, hakuna duka. Nilijua kwa kusoma ila kusoma na kusikia ni vitu viwili. Nimeamka saa kumi na mbili nikadhani masikio yameziba. Barabara ya Molyko ambayo jana usiku ilikuwa na honi na muziki na moshi wa samaki, leo naisikia kuku akitembea. Kabisa, kuku, kucha zake kwenye bati lililolala chini. Mbwa kalala katikati ya lami. Saa tatu ikapita gari ya jeshi, taratibu, halafu kimya tena.

Shemeji alinunua mikate na maji jana. Watoto wanajua ratiba, yule mdogo miaka sita anaamini wiki kote duniani ina siku sita na moja ya kukaa ndani, nilipomwambia Tanzania Jumatatu tunaenda shule akanitazama kama namdanganya.

Jirani mwenye duka alikuja kwa mlango wa nyuma kucheza drafti. Huyu ndo kanieleza wanavyobanwa pande zote mbili. Ukifungua Jumatatu vijana watakuja kukuchomea, au vibaya zaidi, kuna wafanyakazi wa mashamba ya serikali walikatwa vidole kwa kosa la kwenda kazini. Ukifunga, halmashauri nayo ilishawahi kupita na makufuli yake ikafunga maduka ya waliofunga, eti mnaunga mkono uasi. Sasa mimi nifanyeje? Akasema kwa pijini "we go do how". Douala Alhamisi dereva alikuwa kanilalamikia bei ya mafuta akamalizia kwa Kifaransa "on va faire comment". Ni sentensi ile ile. Tutafanyaje. Pande mbili za mto haziongei ila zinakata tamaa kwa maneno yale yale.

Na mseme mnavyosema, mimi siwapi msamaha hawa vijana wa msituni. Shule zilifungwa miaka, watoto wa Kumba walipigwa risasi darasani Oktoba 2020 wakafa saba. Wala jeshi siwapi, Ngarbuh Februari 2020 waliuawa watu 21 wakiwemo watoto 13, serikali ikakataa, ikaja kukubali miezi miwili baadaye kwamba askari wake walihusika. Hesabu ya jumla wanasema waliokufa wamepita 6,000, na waliokimbia makwao ni zaidi ya nusu milioni. Mzozo ulioanza na mawakili wanadai tafsiri ya sheria.

Leo pia ni miaka 41 ya rais Biya madarakani, aliingia 6 Novemba 1982. Runinga ya taifa wanacheza ngoma, vitenge vya chama vyenye sura yake. Mwenyeji wangu kazima sauti. Ndipo ikaingia simu mchana. Usiku wa kuamkia leo watu wenye silaha wameingia kijiji cha Egbekaw, nje kidogo ya Mamfe, wamewapiga risasi watu waliolala na kuchoma nyumba. Zaidi ya 20 wamekufa. Shemeji ana mjomba Mamfe. Alipiga, haipatikani. Alipiga, haipatikani. Jirani akakusanya kete zake bila kusema kitu. Kwenye runinga ngoma zinaendelea bila sauti, watu wanaruka tu.

Mjomba kapatikana saa kumi na moja jioni. Mzima. Shemeji kakaa chini jikoni kwenye sakafu. Nikamwambia ashia, sikuwa na neno lingine, na lilitosha.

Jumanne 7 Novemba, njiani kwenda Yaoundé

Basi siku nzima. Mgongo umekufa. Kituo kimoja abiria mama kamwagikiwa na uji na kijana aliyekuwa anashusha mizigo, akamfokea "Bamenda!" Kijana wala hatoki Bamenda, ni Mfrankofoni wa kule kule. Ni tusi tu, maana yake mshamba, mtumwa, asiyejua kitu. Mji wa watu umekuwa tusi. Na huku ng'ambo ya pili wanawaita hawa vyura. Hakuna mtakatifu.

Jumatano 8 Novemba, Yaoundé

Asubuhi nimeenda kuona mnara wa Muungano. Ngazi mbili zinajizungusha kama nyoka wawili kwenda juu zinakutana kileleni, chini kuna sanamu ya mzee na mwenge, watoto wamemng'ang'ania. Unazo barabara mbili unapanda yoyote, mnafika sehemu moja. Wazo zuri la fundi. Ila sherehe ya taifa ni 20 Mei, siku ya kufuta shirikisho, na barabara kuu ya gwaride hapa mjini ndiyo jina lake. Oktoba mosi, siku ya kuungana kwenyewe, ni siku ya kawaida tu.

Mchana nikaenda Obili, mtaa wa Waanglofoni hapa Yaoundé, kuonana na wakili mmoja, rafiki wa mwenyeji wangu. Tulikaa na soda. Nikamuomba anieleze kwa lugha ya mtu wa kawaida mawakili walikuwa wanalia nini 2016. Akasema upande wetu ni sheria za Kiingereza kama zenu Tanzania, za mapokeo ya mahakama, upande wao ni sheria za kitabu za Mfaransa. Sasa wakawa wanatuletea mahakimu waliosomea kule, hawajui sheria zetu, hawajui lugha. Sheria za biashara za OHADA, nchi 17, zimeandikwa Kifaransa, tafsiri rasmi ya Kiingereza tumeidai miaka. Mteja wangu mama muuza samaki anasomewa kesi yake haelewi ni yeye kashinda au kashindwa. Tukagoma, tukaandamana na mawigi yetu, polisi wakatupiga, majoho wakatunyang'anya.

Hapo kwa mama muuza samaki nilikwama, sikusikia maneno kadhaa yaliyofuata.

Baba yangu darasa la saba. 2009 alikuwa na kesi ya ng'ombe wawili na deni, akashindwa mahakama ya mwanzo, akakata rufaa wilayani. Hukumu ikatoka, kurasa 11, Kiingereza. Mimi ndo nilikuwa msomi wa nyumba, kidato cha tatu. Nikakaa na kamusi usiku kucha na kibatari, mwisho kabisa nikakuta rufaa na neno la gharama. Nikamwambia baba, wamesema unalipwa gharama. Tukachinja jogoo. Siku mbili tunafurahi, majirani wanakuja kumpa baba mkono, hadi karani mmoja akamwambia mzee, wewe ndiye unayetakiwa kulipa hizo gharama, rufaa imetupwa. Baba hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu siku hiyo akawa haniletei tena karatasi kusoma.

Na sisi ndo wenye Kiswahili, ndo tunaoonewa wivu kwenye mabasi ya Kamerun. Sheria ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu imekuja 2021. Sekondari watoto bado wanasoma baiolojia kwa Kiingereza wakiishia kukariri. Nilimsimulia wakili yote haya, akavua miwani akaipangusa. Akasema basi wewe umeshaelewa, huna haja ya mimi kukupa historia.

Nikamuuliza na hizi hatua za serikali, tume ya lugha mbili ya 2017, mjadala mkubwa wa kitaifa wa 2019, hadhi maalumu ya mikoa miwili Desemba ile, sheria ya lugha rasmi. Akajibu kwa upole, karatasi zipo, na sasa ziko hata kwa Kiingereza. Akaangua kicheko mwenyewe.

Alhamisi 9 na Ijumaa 10 Novemba, Foumban

Mwenyeji wangu alishangaa naenda Foumban badala ya kupumzika Kribi baharini. Lakini mkataba wote wa kuungana ulifungwa pale, Julai 1961, nilitaka kupaona. Foncha, kiongozi wa upande wa Kiingereza, na ujumbe wake walikuja na mapendekezo ya shirikisho legelege, kila upande uwe na nguvu zake. Wakamkuta Ahidjo, rais wa upande wa Kifaransa, ana rasimu ya katiba tayari mfukoni, wakaiona pale pale ukumbini, siku chache za kuipitia katikati ya karamu. Hii staili tunaijua, mgeni anakirimiwa hadi anasahau alichojia.

Ila Foumban imenipa kitu kingine kabisa. Huu ni mji wa Wabamun, na sultani wao Njoya, kuanzia miaka ya 1890 mwishoni, alibuni maandishi yake mwenyewe. Sio ya Kiarabu, sio ya Kizungu. Alianza na alama zaidi ya 500 akazipunguza mara kwa mara hadi 1910 zikabaki 80. Akafungua shule, akaandikisha historia, dawa, kesi, ramani. Wafaransa walipofika wakafunga shule zake, wakamhamishia Yaoundé 1931, akafia huko 1933.

Kwenye mtaa wa mafundi nikamkuta kijana anachonga mbao, anajua yale maandishi, anauza vibao vya majina. Nikamwambia andika jina la baba yangu. Akanifanya nilitamke mara tatu, silabi moja moja, anasikiliza hasa, halafu akachora alama nne kwa penseli, akachonga. Hakuniuliza naongea lugha gani. Bei tumebishana kwa vidole na kikokotoo cha simu, mimi Kifaransa sina, yeye Kiingereza hana, na kanipiga vizuri tu, nimekuja kujua mbele kinauzwa nusu bei.

Jumamosi 11 Novemba, Douala

Ndege usiku. Kibao kiko kwenye begi la mkononi kimefungwa na fulana. Dada wa kijiduka cha laini nimepita nimemsalimia "bonjour", kanijibu "good morning". Saa kumi jioni.

Jumatatu 13 Novemba, Dar

Nimerudi kazini. Kwenye daladala nimening'inia Mbagala hadi Kariakoo, konda anapiga bati, watu wananikanyaga, mama mmoja kanipakata mkoba wangu bila kuuliza. Nikakumbuka leo ni siku gani. Nikamtumia mwenyeji wangu meseji, vipi huko.

Kanirudishia picha tu. Barabara ya Molyko, na yule mbwa.